Ondieki na Njia ya Magurudumu

Nilimwomba Bosibori arudie aliyosema. Akarudia, polepole, kama anayemsomea mtoto. Mume wake, Ondieki, hayuko tena. Presha, jana asubuhi, kabla ya chai. Tangu hapo nimekaa na simu mkononi na akili imekataa.

Wengi wenu mnamjua kama Mwalimu Ondieki wa hesabu, yule aliyetembea kwa miguu kila mahali. Mimi nilimjua akiwa na skuta.

Ilikuwa miaka ya tisini, chuo cha ualimu kule Borabu, mbele kidogo ya Nyansiongo. Ile skuta ya kijani aliachiwa na mjomba wake. Ilikohoa kama mzee wa tumbaku, na sote tulitaka lifti.

Chuo kilikuwa na barabara moja tu, nyembamba, inayoteremka kutoka geti hadi madarasani. Waenda kwa miguu, baiskeli za day scholars, wale wanafunzi wa kutwa, pikipiki za walimu, sote humo humo. Na asubuhi za Borabu mnazijua. Ukungu unatoka kwenye mashamba ya majani chai, unakuja kukaa, huoni hata mkono wako.

Mwaka wetu wa pili nikashikwa na malaria. Roommate wangu, Kemunto, akasema nisiamke, ataniletea uji. Akavaa patipati zake, akachukua jagi, akatoka. Nilizisikia zikipiga sakafu ya korido, pa, pa, pa, mpaka nje.

Alipokuwa anarudi kutoka jikoni, Ondieki alikuwa anateremka na skuta. Hakuwa mbio. Alisema aliona kitu cheupe akadhani ni ukungu, kumbe ni kitambaa cha kichwa cha Kemunto.

Skuta ilimgonga, akaanguka, kichwa kikapiga jiwe la kalvati, pale mtaro unapopita chini ya barabara. Hakufika hospitali akiwa hai.

Polisi walikuja, wakapima, wakaandika ajali. Hakuna aliyemlaumu Ondieki. Nafikiri hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Baada ya mazishi, mama yake Kemunto alikuja kuchukua sanduku la marehemu. Nilimsaidia kulibeba hadi getini. Ondieki alikuwa amesimama pale, hajui aweke wapi mikono yake. Mama akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia kwa Kigusii, bila kupandisha sauti: "Momura, kijana wangu, magurudumu yasipite tena pale watoto wanapopita."

Akaenda zake.

Wiki hiyo hiyo Ondieki aliingia kwa principal kuomba njia tofauti ya baiskeli na skuta, nyuma ya ua wa saiprasi. Akaambiwa alete proposal. Akaleta. Akaambiwa itajadiliwa kwenye staff meeting. Meeting ikaja, wakajadili mapazia ya ukumbi.

Jumamosi moja tukamwona na jembe.

Alichimba peke yake wiki mbili, mikono ikatoka malengelenge. Wapishi ndio walioanza kumsaidia, kisha day scholars, na mwishowe principal mwenyewe akatoa trekta ya shamba ibebe murram ya kumwaga njiani. Kabla ya kufunga muhula, miguu ilikuwa na njia yake na magurudumu yana yake. Kandokando Ondieki akapanga mawe, akayapaka chokaa.

Sasa, marafiki, hii sehemu sijawahi kuiandika popote.

Muhula uliofuata, ukungu uliporudi, wenye baiskeli walianza kushuka na kusukuma wakifika kwenye ile njia yao mpya. Ukiwauliza, wanasema kuna mtu mbele anatembea katikati na hapishi. Hawamwoni. Wanasikia viatu. Wakisimama, navyo vinasimama. Walimu wakasema ni mwangwi tu wa ule ua.

Ondieki akaniomba twende pamoja. Jumatatu, saa moja asubuhi. Alisukuma skuta ikiwa imezimwa, mimi ubavuni. Ukungu ulikuwa mzito hata yale mawe meupe hayaonekani.

Tulipofika katikati, nikazisikia. Pa. Pa. Pa. Hatua kama kumi mbele yetu. Mwendo wa mtu aliyebeba kitu kilichojaa, anaogopa kumwaga.

Tukasimama. Zikasimama.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nikasema sijasikia kitu.

Ule uji ulikuwa wangu. Ningekubali kwamba nimesikia, ningelazimika kukubali uji huo unapelekwa kwa nani.

Ondieki akatikisa kichwa polepole. "Basi ni mimi tu," akasema.

Akasukuma skuta hadi karakana, akaifunika gunia, na hakuipanda tena maisha yake yote. Shule zote alizofundisha, kuanzia Nyacheki hadi Kiogoro, alienda kwa miguu. Bosibori aliwahi kuniambia kwamba kuna mwaka mume wake alienda kwa daktari wa akili kwa siri, akaeleza kwamba anasikia vitu ambavyo wenzake hawasikii. Nilinyamaza tena.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Tulikaa nje tukinywa chai, na sijui ni nini kilinisukuma, nikamwambia. Nilisikia, Ondieki. Viatu, na ule mwendo. Nilisikia yote.

Akaweka kikombe chini. Nilingoja hasira. Hakukasirika.

"Kwamboka," akasema, "miaka yote hiyo tungekuwa wawili."

Nilijiambia nitatafuta jibu, nimpelekee nikirudi Disemba.

Tutamzika Ijumaa, nyumbani kwao Nyansiongo. Mnaokuja na magari na boda, tafadhali yaacheni barabarani, tuingie kwa miguu. Ni ombi la Bosibori.

Ondieki, ndugu yangu, nilikuacha peke yako na kitu kilichokuwa chetu sote wawili. Nisamehe. Umechoka, najua. Haya, lala sasa, na usingizi wako uwe mtulivu.