Losheni ya Sikukuu

Mimi nina ualbino, na usoni nilikuwa na mabaka yanayokwaruza kama msasa: kwenye paji, puani, na moja, kando ya sikio, ambalo halikunichekesha hata mimi, mtu ninayecheka msibani. Bibi akaniteremsha kutoka Kinole mpaka kliniki ya ngozi Morogoro mjini, yeye kajitanda khanga zake za harusini.

"Mume wangu," akaninong'oneza mjukuu wake kwenye benchi, "ukimletea daktari vituko vyako, nadai talaka leo hii."

"Chukua, mke wangu. Ila ndizi za gulioni utabeba mwenyewe."

Daktari alikuwa mama wa makamo. Tulipomaliza shikamoo na marahaba, akayagusa mabaka kwa kidole, akisema ni jua hilo. Bado si saratani, ila yakiachwa yanaweza kuwa. Alipofika la sikioni akachukua kioo cha kukuzia, akainama. Bibi naye akasogea mgongoni kwangu, utani wote kauacha kwenye benchi.

"Losheni ya jua unayo?" daktari akauliza, jicho bado kiooni.

"Ninayo."

"Unapaka lini?"

"Idi zote mbili. Na Maulidi, bibi akiamka vizuri."

Bibi akajitetea. Kitu cha kunukia namna ile ukakimalizie shambani, kwani unajipaka kwa ajili ya migomba? Kwa hiyo chupa ilikaa kwenye sanduku lake, katikati ya khanga mpya na sanda aliyojiwekea.

Daktari alicheka mpaka kioo kikamcheza mkononi. Kisha akasema, "Na hili ni kama wenzake, tutaligandisha kwa baridi kali. Mngechelewa, ningelikata."

Nikahisi shati langu linalegea mgongoni. Kumbe bibi alikuwa amelishika muda wote.

Hapo ndipo raha ilipoanza. Daktari akafungua chombo kama chupa ya chai, moshi mweupe ukamwagika hadi sakafuni, kama jukwaani msanii anapoingia. Akanipulizia baka moja baada ya jingine. Iliuma kama siafu waliotolewa kwenye friji, lakini sikutaka iishe. Nikamwomba arudie la puani. Akasema sinema imekwisha, akanipa losheni mpya na kofia pana. Bibi akaitazama ile chupa kwa macho ya sanduku.

Uso ukaota malengelenge. Shuleni nikatangaza kwamba nimepigana na friji na nimeshinda. Baadaye magamba yakadondoka, na chini yake ngozi laini kabisa. Nikawa najipapasa pua hata kwenye hesabu, mwalimu akidhani nafikiri.

Jumanne moja, kabla sijaenda shule, nikasikia sanduku linafunguliwa. Bibi akaja na chupa, akaminya bila ubahili, akanipaka paji, pua, shingo.

"Kwani leo Idi, mke wangu?"

"Funga mdomo," akasema. "Geuza sikio."