Kisima Kilicholaliwa na Mto

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, mdomo wangu ulikuwa umeshamaliza la saba. Shule niliiacha baadaye, mdomo haukuacha, na pale kwetu, nje kidogo ya Ifakara, hajazaliwa mwanamke wa kunishinda kusimulia. Nasema hivyo bila aibu. Hii ninayoiandika ndiyo hadithi pekee ambayo sijawahi kuisimulia ikanyooka.

Mwaka huo mto Lumemo ulifurika ukaingia mpaka uvunguni. Bibi, mama yake mama yangu, alinipandisha kwenye dungu la kulindia mpunga, tukakaa huko siku tatu na kuku wanne. Maji yalipoondoka yalituachia matope, nyoka wawili jikoni, na harufu. Harufu ilitoka kwa jirani yetu, Mama Havijawa. Choo chake kilibomoka, na vyote vilivyokuwamo vilitoka vikaenda kutembelea watu. Kisima kilichokuwa kikinywesha kitongoji kizima kilikuwa hatua chache tu kutoka pale.

Bibi alikuwa na imani aliyoachiwa na mama yake. Mto ukilala kisimani, alisema, huacha mtoto. Haonekani kwa macho. Ukimnywa hukaa tumboni akimlilia mama yake, na maji yote ya mwili wako hutoka kumfuata. Kwa hiyo kisima lazima kitapishwe: kichotwe mpaka tope, kiachwe kijae, kichotwe tena, mara tatu. Hata baada ya hapo maji yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, kwa sababu mtoto wa mto haogopi kitu isipokuwa moto. Alikata miiba, akaziba mdomo wa kisima, akafunga kipande cha kaniki juu yake, kisha akaenda nyumba kwa nyumba kuomba watu wa kusaidia kutapisha. Mimi akaniacha nilinde.

Wa kwanza kuja alikuwa Havijawa mwenyewe, rika langu, na ndoo yake kichwani.

"Toa miiba yenu. Au kisima kimekuwa cha bibi yako?"

"Bibi kasema msichote."

"Bibi yako mchawi. Mama kasema."

Mtoto mwenye akili angekana. Mimi niliona nimepewa cheo.

"Ndiyo, mchawi! Kamtia mtoto wa mto humo ndani kwa mkono wake, nimeona mimi. Ana nywele nyekundu na meno ya mamba. Kunywa uone, utaharisha mpaka utumbo!"

Alikimbia akaacha ndoo. Nilijiona mkubwa kuliko mwenyekiti wa kitongoji. Sikukaa na ukubwa huo muda mrefu. Mama yake alikuja, mwanamke aliyewahi kukata miwa Kidatu na mabega yakabaki ya kazi ile. "Toka hapa, shetani mdogo," akasema. Aliivuta miiba kwa jembe, akachota ndoo mbili, na waliokuwa wakichungulia wakaja kuchota nyuma yake. Bibi aliporudi, kisima kilikuwa wazi na kaniki imekanyagwa kwenye matope.

Siku ya tatu nyumba nne zilikuwa na wagonjwa wa kuhara na kutapika. Havijawa alilala kwenye mkeka, macho yamezama, hata kulia hawezi. Mchana ule watu walikuja kwetu na mapanga.

"Mchawi, toka!"

Bibi alitoka na mwiko mkononi. "Karibuni," akasema. Nusu yao yeye ndiye aliyewazalisha mama zao, na hakuna hata mmoja aliyemwambia shikamoo.

"Mjukuu wako mwenyewe kasema umemweka mtoto kisimani," Mama Havijawa alisema. Akanigeukia. "Haya, sema mbele ya watu. Ulisema, hukusema?"

Hapa, nikiwasimulia watu, huwa nasema nilipanda juu ya kinu nikapaza sauti: nimedanganya! Wanapiga makofi. Leo naandika kama ilivyokuwa. Nilitazama miguu yangu.

"Kanyamaza," akasema mwanamume mmoja mwenye panga. "Basi ni kweli."

Bibi alinitazama. Hakunitazama muda mrefu.

"Leteni maji ya kisima," akawaambia. "Nitayanywa hapa hapa, mabichi. Mchawi hadhuriki na kitu chake mwenyewe, si ndivyo mnavyosema? Nisipougua, nichomeni na nyumba yangu. Nikiugua, mtakitapisha kisima mara tatu, na mtachemsha. Na Havijawa apelekwe hospitali sasa hivi, wakati mnanisubiri mimi."

Wakacheka, wapumbavu wale. Walidhani kajifunga. Alikunywa kata nzima, akafuta mdomo, akaomba ya pili. Miongoni mwetu sote yeye peke yake alijua kuwa, ili aokoke, ilibidi augue.

Kesho yake jioni alikuwa anatapika. Wale wale wa mapanga walimpakia kwenye baiskeli, mmoja akiendesha, wawili wakimshika asianguke, mpaka hospitali. Waliobaki walikitapisha kisima. Havijawa alipona. Bibi naye alirudi baada ya dripu nyingi, amekonda, mguu mmoja ukiburuta, na haukuacha kuburuta mpaka tunamzika. Hakuna aliyemwomba radhi. Walimwambia pole, kana kwamba aliteleza.

Mafuriko yaliyofuata Bibi hakufunga kitu, wala hakwenda nyumba ya mtu. Mama Havijawa ndiye aliyekuja, akasimama uani. "Shikamoo, Bibi. Maji haya yananyweka?"

"Marahaba. Muulize mjukuu wangu," Bibi akajibu, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua. "Yeye ndiye msemaji wa nyumba hii."

Nikasema yachemshwe. Nilisema neno hilo tu, bila nywele nyekundu wala meno.

Siku hizi kuna pampu yenye mfuniko, na muuguzi hupita na kipaza sauti akisema yale yale ya Bibi, na watu wanamsonya vile vile. Mimi nachemsha. Wajukuu wangu wanajua kwamba kwangu maji mabichi ni kosa la fimbo. Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu lilikuwa ule uongo wa kisimani. Ule ulikuwa upuuzi wa mtoto, ungefutika kwa neno moja. Neno lenyewe nilikuwa nalo, watu wote walikuwa wamenyamaza wakilisubiri, na nilimwacha mwanamke mzee anywe maji yale badala ya mimi kulisema.