Herufi Niliyoifuta

Mwanangu, jana nilikusikia ukimcheka msusi wako kwa sababu ya Kiswahili chake cha Kongo. Sikutaka kukukemea mbele ya watu. Keti basi nikusimulie Jumamosi moja ya mwaka 2017, ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya.

Nilikuwa kijana, nina kazi benki kule Sandton, Johannesburg, na kichwa kilikuwa kimevimba. Kwetu ni Voi, na shuleni nilikuwa wa kwanza katika Kiswahili, kwa hiyo nilijiona mwenye lugha. Kila Jumamosi nilipanda teksi kwenda mtaa wa Yeoville kuimba kwaya na Wakongo.

Aliyetufundisha alikuwa Mzee Kalonji, fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Alikuwa na valsi moja ya Kizungu ya zamani, wimbo unaokwenda moja-mbili-tatu, aliojifunza kwa Kifaransa shuleni kwa mapadre. Mtu anauambia mti, na mto, na maua, jinsi anavyompenda mwenzake. Mkewe, Mama Béatrice, hakujua Kifaransa, na alikuwa mgonjwa sana. Mzee akaufasiri kwa Kiswahili chao ili tumwimbie kanisani, wakitimiza miaka arobaini ya ndoa.

Sauti tulishazijua kwa la-la-la. Maneno tuligawiwa Jumamosi hiyo, na kesho yake ndiyo tunaimba. Nikaona "muti", "muto", "mupenzi", nikacheka. Nikamwambia mzee, kwaya nzima ikisikia, kwamba Kiswahili ni mti, mto, mpenzi, na kwamba hapa Joburg ukisema muti watu watadhani unauza dawa za mganga. Wenzangu nao wakacheka. Nikashika kalamu nikazifuta zile u, karatasi moja baada ya nyingine. Mzee alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, na mazoezi yakaishia hapo. Nami, eti nimemsaidia.

Jumapili ndipo nilipojua. Katika valsi pigo la kwanza ndilo linalovutwa, na mzee alikuwa ameliweka juu ya ile u. Sasa "m" utaivutaje? Tulisimama midomo imefumbwa, tunanguruma kama friji. Mama Béatrice alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mumewe.

"Wimbo yako iko wapi?" akamwuliza.

Baada ya ibada mzee alinifuata nje. Hakupandisha sauti.

"Kijana, sikukosaka," alisema. "Niliandikia bibi yangu. Haiko mwalimu wako." Yaani hakukosea: alimwandikia mkewe, si mwalimu wangu wa shule.

Tulikubaliana kuuimba tena baada ya wiki mbili, kama alivyouandika. Mama hakuzifikisha. Tuliuimba makaburini, na u zake zote, na ulikuwa mzuri mno. Nilishindwa kumtazama mzee usoni. Nilimwomba radhi, akanisamehe kwa moyo mweupe. Lakini aliyeandikiwa hakuusikia, na hilo hata mzee hakuweza kunirudishia.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, kabla hujamsahihisha mtu, uliza kwanza anasema na nani. Sikatai Kiswahili sanifu, nakipenda mpaka leo. Ila neno la mtu kwa mpenzi wake si mtihani wa darasani, na wewe hukuwekwa kulisahihisha. Kesho nenda kwa msusi wako, umwombe radhi angali yupo wa kuombwa.

Mungu akupe sikio jepesi na ulimi mzito. Na kila neno la upendo utakaloandika, akujalie alisikie uliyemwandikia.