Kibuyu cha Mama Ukumbini

Nimesoma shule ya jioni miaka minne, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu wa hisabati, na cheti ninacho. Kwa hiyo nisibishiwe ninaposema kwamba maonyesho yale ya picha yalikuwa upuuzi, tena upuuzi uliopakwa rangi ukawekewa fremu.

Msanii mwenyewe ni jirani yangu hapa Levolosi. Wazazi wake ni wafanyabiashara kutoka Kilimanjaro, watu wazuri, wenye jiko la gesi tangu enzi za Nuhu. Sidhani kama yeye amewahi kupuliza mkaa maishani mwake. Siku moja alipita nyumba hadi nyumba akiazima vyombo vyenye kumbukumbu, ndivyo alivyoviita, ili avichore. Kwangu akakiona kibuyu cha mama kimening'inia kwenye msumari.

Mama anakaa Ngaramtoni. Kila akija mjini huniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu kile, ananiachia, na safari inayofuata anakichukua kikiwa kitupu. Amekifukiza kwa kijinga cha oloirien, ule mzeituni wa porini, mara nyingi kuliko milo niliyokula mimi tangu nizaliwe. Moshi huo ndio utamu wa maziwa yake. Kibuyu si changu hata kidogo. Lakini msanii aliniita mdau wa utamaduni, kichwa kikaumuka kama andazi, nikampa. Alisema siku tatu.

Zikapita wiki mbili. Dada yangu aliyeolewa Nduruma akajifungua, na mama akanipigia simu: Ijumaa anakuja kuchukua kibuyu akakiandae, maana Jumapili atampelekea mzazi maziwa. Dada alikulia maziwa ya kibuyu kile. Nikamtafuta msanii, simu inaita tu. Ijumaa mama alipofika ikabidi niseme kiko kwa msanii, kwenye ukumbi wa maonyesho yake. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alijifunga kitenge chake upya, akasema twende.

Ukumbi ulikuwa mweupe hata nzi angeomba ruhusa kutua. Watu wamesimama mbele ya picha, vichwa vimeinama upande mmoja kama kuku waliosikia mwewe. Picha ya kwanza ilikuwa fagio la chelewa, ukubwa wa mlango wa kanisa, na jina lake eti "Ukimya wa Mama". Mama yangu akishika fagio hajawahi kunyamaza hata dakika moja. Ya pili ni jiko la mkaa, linawaka bluu. Bluu kama gesi! Ya tatu ni kinu chenye mchi mfupi kama kijiko cha chai. Ukitwangia ule, utatwanga pua yako mwenyewe. Bwana mmoja aliyejifunga skafu, na jua lote lile, akanifafanulia kwamba ufupi wa mchi ni matamanio yaliyokatizwa. Nilimwambia ni mchi mfupi.

Kibuyu kilikuwa mwisho wa ukumbi, mezani, chini ya picha yake, kimechomekwa brashi za rangi. Mama alizichomoa moja moja akazilaza mezani, kisha akainama kunusa. Mimi niliisikia tapentaini nikiwa hatua tano nyuma.

Msanii akaja mbio, suruali yake ina madoa ya rangi yaliyopangwa kwa uangalifu mkubwa. Akaamkia, mama akaitikia marahaba. Akaanza kueleza kwamba hakutaka chombo kikae bure kama maiti, alitaka kiendelee kuishi.

"Kimekufa," mama akasema.

"Hapana, mama, kinaosheka. Hata mwanzoni nilikiosha na sabuni ya unga."

"Ulitia sabuni humu?"

"Nyingi tu, mama. Kilikuwa kinanuka moshi."

Mama alimtazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyeingia kanisani, bila hasira, akishangaa tu ni nani aliyeacha mlango wazi. Akaanza kufungua ukanda wa ngozi wa kibuyu, wenye shanga alizotunga bibi. Msanii akalalamika kwamba bila ukanda kazi yake itapoteza maana. Mama akaendelea na fundo. Basi msanii akamwahidi kwamba maonyesho yakiisha atampa picha yenyewe, iwe yake. Hapo ndipo mama alipoinua macho kuitazama.

"Hata hapa umekiacha bila kifuniko," akasema, akatia ukanda mkobani, akatoka.

Jumapili maziwa yalikwenda Nduruma kwenye dumu lililokuwa la mafuta ya alizeti. Nililiosha mwenyewe mara hamsini, na nililibeba mapajani njia nzima kama yai.

Dada alikunywa funda moja, akashusha kikombe.

"Haya mmenunua wapi?"

 Mama alimpokea mtoto, akaketi, akanigeuzia macho, akangoja nieleze mimi.