Kadi za Kazija

Siku Mkadam alipozitia kadi za Kazija binti Ame katika tanuri la wafua chuma, mwenyewe hakulia. Aliziangalia zikijikunja moja moja, kisha akamwangalia aliyezitia.

Ilikuwa mwaka 1968, katika karakana moja ya serikali, mitaa ya Ng'ambo. Kazija alitunza orodha ya kalibu za mbao, zile za kusubia vyuma, zinazopigwa chapa mchangani ili chuma kilichoyeyuka kimiminwe humo. Kabla yake kila idara ilichonga yake upya, na kumbe jirani anayo, imelala kabatini. Basi akawazungukia mafundi: "Hii yafanya kazi gani? Nyinyi mwaiitaje?" Kalibu moja huenda akaiandikia kadi tano, moja kwa kila jina ambalo mtu angeijia nalo.

Mkadam, mkuu mpya, aliona ni uchafu. "Kitu kimoja, kadi moja, namba moja," alisema mbele ya mafundi. "Na wewe bibi, nenda kashone magunia."

Akashona, miezi saba.

Ndipo lilipovunjika gurudumu la ndani la pampu ya maji, mitaa ikakauka. Mkadam akapekua namba zake siku mbili. Zilikuwa safi, na hakuna iliyomwambia kitu. Siku ya tatu akaja kwenye magunia, fundi Borafya nyuma yake.

"Bi Kazija, kalibu ya gurudumu la pampu iko wapi?"

"Mimi mshona magunia, ndugu."

"Watu hawana maji!"

"Nnajua." Jirani yake Mwanakhamis, mja mzito, alikuwa akibeba ndoo tangu juzi. Ilimchoma. Hakuinuka.

"Wataka nini?"

"Kalamu. Uishike wewe, mimi nseme."

Borafya akakohoa kuficha kicheko. Mkadam akaandika juu ya goti: gurudumu la pampu, feni ya maji, ua la chuma, kisukuma maji, ile ya Mzee Mcha, aliyeichonga.

"Hiyo 'Mcha' haisomeki, ndugu. Rudia."

Akarudia. Wino wa kadi ya tano ulipokauka, Kazija akasema: "Kabati la watu wa barabara, rafu ya chini."

Maji yalirudi wiki ile. Mkadam akadhani wamemalizana, mpaka ilipotakiwa kalibu ya roda ya kunyanyulia mizigo. Safari hii alikuja na kalamu mkononi. Kazija akamsogezea gunia akae.

"Hii ilikuwa na kadi ngapi?"

"Tisa," alisema Kazija.

Ilikuwa na tatu.