Pijo Yetu na Bibi Harusi wa Nkome

Tulitoka Shinyanga asubuhi na magari matatu ya zamani. Mbele alikuwa jirani yangu, Mhindi mwenye duka la vitenge, pamoja na mkewe, katika Datsani ya bluu aliyoachiwa na baba yake. Akafuata nesi mstaafu wa Kolandoto na Foksi yake nyeupe. Mwisho mimi, na Pijo ya marehemu mume wangu. Tangu tumzike, ilikuwa uani chini ya turubai, kuku wakitagia humo. Jirani ndiye aliyenichokoza: "Mama, gari linakufa kwa kukaa. Twende tukaone ziwa." Fundi akaiamsha, nikaenda.

Daraja jipya la Kigongo–Busisi tulilivuka taratibu, madirisha wazi. Zamani mume wangu na mimi tulisubiri kivuko pale mpaka migongo ikauma. Safari hii maji yalipita chini yangu kabla sijamaliza kumkumbuka. Nikacheka peke yangu.

Tulipoiacha Geita na kushika njia ya Nkome, tukakuta gari limepambwa riboni, limezimika kando ya barabara. Bibi harusi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, gauni amelikusanya mapajani lisiguse vumbi jekundu. Bwana harusi, fundi wa mitumbwi, alikuwa akimsubiri kanisani Nkome.

Shangazi wa bibi harusi akamwamkia nesi shikamoo, kisha akayazunguka magari yetu. Foksi ndogo, Datsani imejaa mizigo. Akasimama mbele ya Pijo. "Hii ndiyo yenye nafasi ya gauni."

Nilimvuta pembeni. "Mama, mimi ni mjane. Watu watasema nimemletea mkosi mtoto wa watu."

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Nani kakwambia mimi nina mume? Huyu nimemlea peke yangu, nikiwapikia wachimbaji ugali machimboni. Basi na mimi nisiende harusini? Fungua mlango."

Nikafungua. Tukahamishia riboni kwenye Pijo, Datsani ikatangulia ikipiga honi, na watoto wa njiani wakatukimbilia wakishangilia.

Kwenye mwinuko mmoja Pijo ikachemsha. Moshi mweupe ulipopanda mbele yangu, nilijua ndio mkosi wenyewe. Nesi akaja na dumu la maji, akasema hatuna budi kungoja injini ipoe. Sikuweza kumtazama bibi harusi usoni. Yeye akahamia kiti cha mbele, gauni likajaa mpaka kwenye gia.

"Mama," akaniuliza, "mumeo ulimpendea nini?"

Tangu msiba, watu walikuwa wakiniuliza alikufaje. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikafikiri.

"Alikuwa akiniuliza maoni yangu. Hata akitaka kununua tairi, ataniuliza, na mimi tairi sizijui."

Akacheka. "Wangu naye ananiuliza mbao. Nazijulia wapi mbao?"

Nikamsimulia mengine, jinsi alivyoimba vibaya akiendesha, jinsi alivyoogopa mende. Nilikuwa nikiongea juu yake bila kulia, na nilipotambua hivyo nikazidi kuongea, mpaka nesi akagonga kioo: "Washa, limepoa."

Tulifika tumechelewa, kwaya imeshaanza upya nyimbo zake. Vigelegele vikapasuka. Shangazi akanishika mkono, akanishukuru kwa Kisukuma, kwa sauti ya wote kusikia, "Wabeja sana, mama," na hakuniachia mpaka tulipoketi safu ya mbele. Baada ya ibada tulikula wali na sato ufukweni, mke wa jirani akacheza na wakwe mpaka kiatu kikakatika.

Siku hizi maharusi wa Shinyanga hubisha mlangoni kwangu kuliulizia gari. Jumamosi hii nina bibi harusi mmoja wa Isaka. Anataka tumpitie bibi yake mzaa mama njiani, na kiti cha mbele nimeshakifuta.