Mnyama wa Mbali Aliyenibakiza Shuleni

Tata alikuja kunitoa shule. Ilikuwa enzi za Mwingereza, kijijini kwetu Buganguzi, na mimi nilikuwa darasa la pili katika shule ya misheni. Baba yangu huyo alisimama mlangoni, jembe begani.

"Mwalimu, huyu namrudisha. Kibanja kimejaa majani, migomba haionekani."

"Mchukue, mzee. Tangu aje hajafungua mdomo."

Hakusema uongo. Kiswahili kilinishinda, na nikikosea wavulana walicheka. Lakini kuondoka sikutaka. Dada zangu wawili walitolewa hivyo hivyo kwa palizi, na hakuna aliyerudi.

Tata alipotokea, mwalimu alikuwa anatuonyesha kitabu. Kulikuwa na picha ya mnyama mnene, mweusi, mgongoni madoa meupe, na chini yake fuvu lake. Alikuwa ameuliza ni wa jamii gani.

"Mtoto wa chui," alisema mvulana mmoja, Tata akiwa bado mlangoni.

"Chui gani ana tumbo lile? Nguruwe huyo."

Kwetu ndezi, yule panya mkubwa wa vichakani, akinaswa na wavu, wanaume walikula mapaja na kujisifu wiki nzima. Kichwa tuliachiwa sisi wasichana, tukisafishe na kukiguguna. Wale wavulana walijua paja. Mimi nilijua taya.

Nikasimama bila kuitwa. "Ni ndugu yake ndezi. Tazameni meno: mbele makali kama patasi, halafu pengo, halafu magego. Chui ana chonge. Huyu hana."

"Ndezi ana madoa wapi?" akauliza mvulana wa nyuma.

"Wewe kichwa kimejaa mabaka ya choa, na bado tunakuita mtu."

Darasa likacheka, safari hii si mimi niliyechekwa. Mwalimu akasoma Kiingereza cha chini ya picha, kidole kikifuata maneno, kisha akatueleza: mnyama huyo ni pakarana, wa misitu ya Amerika ya Kusini, mgugunaji kama panya na ndezi. Ni adimu sana; aina nyingine zote za ukoo wake wa karibu zilikwisha zamani, imebaki yake peke yake.

Tata akashusha jembe. "Mwalimu, si ulisema hafungui mdomo?"

Mwalimu akakohoa.

"Basi mwache aufungue. Majani nitapalilia mwenyewe."

Akaenda zake. Mwalimu akanihamishia benchi la mbele, akaniuliza swali la hesabu. Nililikosa, lakini kwa sauti iliyosikika hadi kanisani.